Nimepata paketi mbili za P2 kwa mkoba wa binti yangu, je kizazi chake kimeharibika?

"Salaam daktari. Niko hapa Malindi, nauza mahamri na viazi vya karai asubuhi. Binti yangu ana miaka 18, amemaliza form four mwaka jana yuko nyumbani angoja kwenda chuo. Juzi nikipanga vitu vyake nikapata paketi mbili tupu za P2 kwa mkoba. Nilikaa chini nikalia. Jirani yangu aniambia hizo dawa zinachoma kizazi, msichana akimeza mara tatu nne hazai tena, na kuna binamu yake Mombasa ilimpata hivo, yuko mwaka wa tano kwa ndoa hana mtoto. Mwengine akaniambia hio ni kutoa mimba kabisa kwahivo ni haramu. Mwanangu sijamwambia kitu wala babake, babake akijua itakuwa vita. Nafikiria nimpeleke kwa mama mmoja anaangalia kama msichana bado ni bikira, ama tumuoze tu haraka, kuna mtu ashaulizia. Na nina mwengine mdogo wa miaka 11, naogopa. Nifanye nini?"

Waalaikum salaam dadangu, pole kwa mshtuko. Nimesoma swali lako mara mbili manake ndani yake kuna maswali kama sita yamebebana. Umefanya la maana kuuliza kabla ya kumvamia mtoto, ingawa majirani wawili washajua na kwa Malindi hii majirani wawili ni mtaa mzima, kwahivo usikae sana.

Hilo la kizazi nikujibu saa hii upumue: la, P2, hizo tembe za dharura za kuzuia mimba, hazijamuharibu kizazi. Ntakueleza kwa nini polepole ili ukienda kwa jirani uwe na la kumwambia. Lakini kuna kitu chengine ambacho kweli huharibu kizazi cha msichana, na P2 haikizuii hata kidogo, na hicho ndicho kingenikosesha usingizi mimi kama ningekuwa wewe. Tutafika.

Jina P2 limetokana na Postinor-2, ile paketi ya tembe mbili, sasa kuna za kampuni nyingi na zengine ni tembe moja tu lakini watu washazoea, zote ni P2. Dawa ya ndani ni levonorgestreli, jumla miligramu 1.5, homoni ya kutengenezwa inayofanana na ile ambayo mwili wa mwanamke huitoa wenyewe kila mwezi. Homoni hio hio iko kwa tembe za kupanga uzazi za kila siku, na iko kwa kijiti cha Jadelle ambacho kinakaa mkononi miaka 5 na mwanamke akikitoa anashika mimba kama kawaida. Huenda wewe mwenyewe ushaitumia bila kujua jina lake.

Inavofanya kazi ni hivi. Mbegu za mwanamume zikishaingia zinaweza kuishi ndani mpaka siku 5. Yai la mwanamke likitoka linaishi kama siku moja tu, halafu limekwisha. Sasa chukulia mbegu ni watu wamekaa jeti wanangoja mgeni ashuke kwa boti, wanaweza kungoja siku 5 halafu wanachoka wanaenda zao. Kazi ya P2 ni kuichelewesha ile boti huko baharini isitie nanga mpaka waliokuwa wakingoja waondoke. Boti ikiwa ishafika na mgeni ashashuka, P2 haina la kufanya tena. Ndio maana tunasema imezwe haraka, ndani ya masaa 72 na kila saa ikipita nguvu yapungua, hata siku ya 4 na ya 5 yaweza kusaidia lakini kidogo sana.

Na hapo hapo unapata jibu la jirani wa pili. P2 haitoi mimba. Mimba ikiwa ishaingia, msichana ameze P2 moja au kumi haitoki, na mtoto wa tumboni pia hadhuriki. Inazuia yai kutoka, basi. Mimi ni nesi na mkunga, si shehe, siwezi kukutolea fatwa, lakini ukienda kuuliza kwa mwenye elimu ya dini muelezee dawa inavofanya kazi kweli kweli, usimpelekee maneno ya kibarazani akakujibu juu ya kitu ambacho sicho.

Kwa nini watu wanaamini inachoma kizazi? Kwa sababu wanachokiona kinatisha. Msichana akimeza anaweza kuhisi kichefuchefu, kichwa, maziwa kuuma, na siku zake zikaja mapema au zikachelewa, saa zengine anaona matone matone katikati ya mwezi. Akimeza mara tatu kwa mwezi hesabu yake ya hedhi inavurugika kabisa hajui tena mwanzo wala mwisho. Anaogopa, anamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia mwengine, ikifika sokoni ishakuwa "imemchoma". Lakini dawa hio hutoka mwilini ndani ya siku chache na mzunguko unarudi. Hata waliomeza mara nyingi hatuoni kwamba wanapoteza uwezo wa kuzaa.

Sasa yule binamu wa Mombasa. Sijamuona wala sijampima kwahivo sitasema lake ni hili, na kwanza kuna mabwana wangapi wenye shida ya mbegu huku mke ndiye anasemwa. Lakini nikueleze ninachokiona kliniki. Mwanamke anakuja ameolewa miaka kadhaa hashiki mimba, ukiuliza vizuri usichana wake alikuwa akitumia P2, basi yeye na mamake na wifi zake wote washahukumu ni P2. Ukimpeleka akapimwa unakuta mirija ya uzazi imeziba. Na mirija haizibwi na P2, mirija mara nyingi huzibwa na magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono, ambayo hayakutibiwa. Klamidia kwa mwanamke mara nyingi haina dalili yoyote, hakuna maumivu, hakuna usaha, anaishi nayo miezi na huko ndani inapanda juu inaacha makovu. Na aliipataje? Kwa kulala na mtu bila kondomu, akameza P2 akaona ashajikinga. Umeona njia ilivyo? P2 na ugumba wanatembea pamoja lakini mwizi ni wa tatu, na huyo hakuna anayemtaja.

Ndio maana nikasema kisichonipa usingizi si hizo paketi. Paketi mbili zinaniambia huenda mwanao alilala na mtu mara mbili bila kondomu, na alichokiogopa ni mimba peke yake. Wengi wako hivo, wallahi. Miaka yote niliyofanya kazi hii pwani wasichana wanaokuja mbio wanahema wanauliza P2 ni wengi mno kuliko wanaouliza kipimo cha HIV. Mimba inaonekana na mtaa utasema, virusi havionekani.

Na kuna jambo hata wauzaji wa kemisti wengi hawalisemi. P2 haikai mwilini ikalinda wiki nzima. Umeichelewesha boti, hujaizamisha, itakuja tu baadae kidogo. Kwahivo msichana aliyemeza Jumatatu akalala tena na mtu Alhamisi bila kinga anaweza kushika mimba kwa hio ya Alhamisi, na wengi ndio hushikia hapo halafu wanasema P2 ilikuwa feki. Feki zipo ndio, na zilizoexpire pia, anunue kwa kemisti yenye leseni na aangalie tarehe, lakini mara nyingi si feki. Hata ikitumika vizuri kati ya wanawake 100 mmoja au wawili hushika mimba. Akitapika ndani ya masaa mawili arudie dozi. Na dawa zengine huipunguza nguvu, kama za TB na baadhi za kifafa na za HIV, na kwa mwenye mwili mkubwa pia huenda isifanye kazi vizuri. P2 ni dawa ya dharura, kama spea ya tuktuk, inakufikisha nyumbani lakini huwezi kubeba abiria nayo mwaka mzima.

Kuhusu huyo mama anayeangalia bikira, tafadhali sana usimpeleke. Si kwa sababu ya aibu peke yake. Hakuna mtu duniani, nesi, daktari au bibi mwenye miaka 90, anayeweza kuangalia uke akakwambia huyu ashalala na mwanamume na huyu bado. Kizinda ni ngozi laini ya pembeni, wengine huzaliwa nayo kidogo tu, wengine inanyooka haichaniki, wengine hubadilika bila kuguswa na mtu. Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walisema wazi mwaka 2018 kipimo hicho hakina msingi wowote wa kitabibu na kiachwe. Halafu fikiria tu, utapata nini? Paketi zishakwambia unachotaka kujua. Utakachopata ni binti aliyevuliwa nguo mbele ya mgeni na mamake amesimama mlangoni, na baada ya hapo hatakwambia kitu tena mpaka kufa.

Na la kumuoza, hapa natoka kwa unesi kidogo uniwie radhi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka miaka 18 na yeye ashafika, lakini katiba pia inataka ridhaa yake mwenyewe, si ya babake. Ndoa ya haraka haimtibu klamidia kama anayo, anaenda nayo. Haimfundishi kitu. Na kama ana mtu anayempenda utakuwa umemuozesha kwa mwengine na yule wa kwanza bado yuko kwa simu. Ngoja kwanza.

Kosa lako liko wapi, sikuoni kosa, naona pengo. Zamani hapa kwetu, Malindi, Lamu, Mombasa yote, msichana alikuwa na somo. Somo alimkalisha ndani siku za arusi akamfundisha mwili, usafi, mume, kila kitu, kwa lugha ambayo mama mzazi hawezi kuitamka. Mimi somo wangu nakumbuka alivokuwa akicheka mpaka kanga inamuanguka. Lakini yale mafunzo yalikuja arusi ikiwa mlangoni. Na sasa msichana anavunja ungo ana miaka 12 au 13 na anaolewa ana 23, 25, hio miaka kumi katikati nani anamfundisha? Simu. Simu na wale vijana wa pale stendi. Sisi tumebaki kulaumu disco matanga tu, zile ngoma za usiku wa msiba, nazo zina yake sikatai, lakini simu haingoji mtu afe.

Najua utaniuliza, kwani si kumfundisha ndio kumfungulia mlango? Swali hilo naulizwa kila kikao cha wazazi na silichukii, ni swali la mtu anayependa mwanawe. Lakini limefanyiwa utafiti nchi nyingi, za Afrika pia, na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walipotoa upya mwongozo wao mwaka 2018 walipitia tafiti hizo: mafunzo mazuri hayawafanyi vijana waanze mapema, kuna mahali yamewachelewesha, na wale walioanza wanatumia kinga zaidi. Kenya ilitia sahihi mwaka 2013 pamoja na nchi zengine za mashariki na kusini mwa Afrika kwamba vijana wafundishwe, lakini darasani bado ni usifanye usifanye na mchoro wa mirija ya uzazi ubaoni. Ule uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wasichana 15 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 washawahi kushika mimba. Hao wote waliambiwa usifanye.

Bas, utamuanzaje? Usimuwekee paketi mezani kama askari na kidhibiti. Chagua wakati mikono iko kazini, mkikanda unga usiku au mkimenya viazi, macho hayaangaliani maneno yanatoka. Mwambie ukweli: "nimeona paketi kwa mkoba wako, nimeshtuka, sijamwambia babako, nataka kujua kama uko salama." Halafu nyamaza. Hapo kwa kunyamaza ndio pagumu, utataka kuhubiri, meza mate. Ukishindwa kabisa, na wengi hushindwa si aibu, mtafute shangazi yake au khaleti mmoja anayempenda akae naye, hio ndio kazi ya somo tangu zamani.

Maswali matatu ndio ya lazima. La kwanza, huyo mtu ni nani na ana umri gani, si kwa kumfukuza bali kwa la pili: alikubali mwenyewe au alilazimishwa, au ni pesa, simu, ahadi ya chuo? Ikiwa kulikuwa na nguvu, au ilianza akiwa hajafika 18 na yule ni mtu mzima, hilo si la kuzungumzwa kwa wazee na kulipana, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inalijua na ni jinai. Piga 1195, bure, kwa mambo ya ukatili wa kijinsia, na kwa aliye chini ya 18 ni 116. La tatu, mara ya mwisho ni lini. Ikiwa haijapita masaa 72 na huyo mtu hamjui hali yake, aende hospitali siku hio hio aulize PEP, dawa ya kuzuia HIV inayomezwa siku 28. Masaa 72 ni ya P2 na ni ya PEP pia, cha ajabu moja kila mtu analijua na la pili hakuna. Na aliyelazimishwa aende hospitali kwanza kabla ya kuoga, fomu ya polisi ya P3 itafuata, matibabu hayangoji fomu.

Kama akisema ameacha na hataki tena, mshike mkono, muamini, ni uamuzi mzuri na ana haki ya kusaidiwa kuushika. Bado apimwe. Lakini akisema, au ukaona bila kusema, kwamba hataacha, basi P2 si njia yake. Kijiti kinakaa miaka 3 au 5 kulingana na aina, na kati ya wanaokiweka hata mmoja kwa 100 hashiki mimba kwa mwaka, shida yake ni damu kudonadona bila mpango na kwa binti anayeswali hio si shida ndogo, nishatoa vijiti vingi kwa sababu ya swala na Ramadhani tu, aulize mapema damu hio inahesabiwa vipi kabla hajakiweka. Sindano ya miezi mitatu ni siri, haionekani, lakini ukiiacha kizazi huchukua muda kurudi, saa zengine mwaka mzima kasoro kidogo, kinarudi lakini kinachelewa. Tembe zataka mtu wa kukumbuka kila siku. Koili, ile inayowekwa ndani ya kizazi, pia yafaa msichana ambaye hajazaa, watu wanakataa bure. Na zote hizo hazizuii ugonjwa hata mmoja, kinachozuia ni kondomu, kwahivo kondomu iko pale pale na njia yoyote. Mbona hatupekui mikoba ya wavulana tukatafuta kondomu? Kama una mtoto wa kiume nyumbani maneno haya ni yake pia.

Mpeleke kituo cha afya bila kungoja kama siku zake zimechelewa zaidi ya wiki moja, kipimo cha mimba ni cha dakika chache. Ana maumivu makali ya tumbo chini upande mmoja, kizunguzungu, kuzirai, hio ni mbio mbio hata usiku wa manane, manake mimba inaweza kuwa imekaa kwa mrija. Uchafu wenye harufu au rangi, vidonda, maumivu akikojoa au homa na tumbo, aonekane wiki hio hio na yule mwenzake atibiwe pia la sivyo wanarudishiana. Hata bila dalili yoyote apimwe HIV na kaswende, na aulize kuhusu klamidia. Na tafadhali kama ikitokea ni mimba asiende kwa mtu wa vichochoroni, hao ndio wanaochoma vizazi kweli.

Huyo wa miaka 11, bado una wakati mwingi. Mwambie kuhusu hedhi kabla haijaja, nunua pedi uziweke mahali anapoona. Muulizie chanjo ya HPV ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, serikali ilianza kuitoa Oktoba 2019 na ni ya umri wake huo, watasema inafunga kizazi, uongo ule ule wa P2 umevaa nguo nyengine. Dada yake mkubwa akipata ujasiri huenda akawa somo wake mzuri kuliko sisi.

Na siku mtakayokuja kliniki, ukishamfikisha muache aingie peke yake. Wewe kaa nje kwa benchi. Nesi akikutoa usikasirike, kuna vitu atasema kwangu ambavyo mbele yako hatasema, hata kama anakupenda vipi.